Wagonjwa Ishirini kwa Bwawa Moja

Jumatatu, 16 Juni 2025

Iandikwe na ihifadhiwe: leo saa mbili na dakika kumi asubuhi, mbele ya mashahidi wawili (mlinzi na paka), kibao kimepachikwa. IDARA YA TIBA YA MAJI. Ubao wa mafundi wa Gisozi, herufi za njano. Kimeinama kidogo kushoto. Si kitu. Wakubwa wengi huinama.

Idara ni hii: bwawa moja la maji ya uvuguvugu, kina cha kifua, pipa moja la barafu, kipimajoto kimoja, na mimi, Frederick. Mwaka juzi nilikuwa mtunza mipira wa chuo. Tiba nimejifunza mwenyewe, kwenye simu. Video zote nimezimaliza. Mukantwari, mtaalamu wetu wa viungo, yeye ana digrii. Kauliza idara ina watu wangapi. Kijicho.

Tatizo. Julai iliyopita nilisaini imihigo, ahadi ya kazi ya mwaka: wanamichezo ishirini walioumia watatibiwa kwa maji kabla ya Juni kwisha. Imihigo haina utani. Waziri anasaini, mfagiaji anasaini, wote tunapimwa. Nimefikisha tisa. Wakaguzi wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Nisipofikisha ishirini, bwawa linapewa idara ya kilimo wafugie sato, nami narudi kwenye mipira.

Bayingana wa kilimo alipita mchana na tepu ya kupimia. Akaniambia nisisumbuke kusimama, anaangalia tu.

Jumanne, 17 Juni

Hakuna anayeumia! Kosa la Mukantwari. Amewafundisha kunyoosha viungo kabla ya mazoezi. Amewaharibia watu magonjwa yao.

Nikaenda kusimama pembeni ya uwanja wa voliboli. Sikumwombea mtu mabaya. Nilisimama tu, na barafu.

Saa kumi Gwiza, mpigaji wetu hodari, karuka, katua juu ya kiatu cha mwenzake. Kifundo cha mguu! Nilifika kabla ya kocha. Kocha akaniambia nirekebishe uso wangu, hapa si harusini.

Namba kumi.

Gwiza hakulia mguu. Alilia fainali. Ni Jumapili ya tarehe 29, naye yuko mwaka wa mwisho, na miaka miwili iliyopita aliitazama fainali akiwa kwenye benchi. Mukantwari kaupapasa mguu, kasema haukuteguka vibaya. Siku tatu barafu, dakika kumi kumi, mguu juu. Kisha kutembea ndani ya bwawa, maji yabebe uzito. Nikasema ndivyo nilivyokuwa nataka kusema.

Alhamisi, 19 Juni

Nimebandika tangazo: mwanamichezo yeyote mwenye maumivu yoyote aje.

Amekuja Kenny. Anacheza chesi. Kidole gumba. Nimemlaza majini saa nzima. Namba kumi na moja.

Amekuja Shallon, kiongozi wa washangiliaji. Sauti imekauka. Nimemtia majini hadi shingoni. Kumi na mbili. Mukantwari kapita, kamtazama Shallon, kanitazama mimi, kasema "Yampaye inka!", kaenda zake. Maneno ya mshangao yakizidi, ujue mtu hana hoja.

Jumamosi, 21 Juni

Akili hailali. Nani anaruka kuliko wote chuoni? Intore! Wachezaji kumi na mmoja wa ngoma, magoti ishirini na mawili. Nimewaandika "mruko wa juu". Ishirini na tatu! Nimepita lengo!

Baadaye. Hawakuniambia kwamba bwenini kwao maji ya moto hayatoki. Walikuja na taulo. Walikuja na sabuni. Mmoja alikuja na jiwe la kusugulia kisigino. Kufika saa tano povu lilikuwa limepanda hadi mlangoni, na Gwiza, aliyekuwa akitembea taratibu katikati ya bwawa kama alivyoagizwa, haonekani. Tulimpata kwa kufuata matusi.

Mukantwari hakupiga kelele. Alinipa brashi tu.

Jumapili, 22 Juni

Brashi.

Jumatatu, 23 Juni

Msiba. Gwiza amepona.

Kapanda ngazi za bwawa bila kushika chuma. Mukantwari kampima kila upande, karidhika, kasema karatasi ya kumrudisha uwanjani niiandike na kuipiga muhuri mimi, maana daftari la bwawa ni langu. Bila karatasi kocha hamgusi mtu, na orodha ya fainali inafungwa Ijumaa saa kumi.

Sasa nifikirie. Wakaguzi hupenda kuona kwa macho. Gwiza akiondoka, nitawaonyesha nini? Kidole cha Kenny?

Nimemwambia Gwiza video mpya zinataka siku nne zaidi.

Jumatano, 25 Juni

Gwiza kaja tena. Nikamwambia muhuri umepotea. Kauona mfukoni mwangu. Nikasema huo ni mwingine.

Ndipo akanipa maneno yake, mbele ya Kenny, wala hakupunguza sauti: "Bwana Frederick, Bayingana anataka kufuga samaki humu. Wewe umeshaanza kufuga watu!"

Kenny akacheka. Mgonjwa mahututi wa kidole, anacheka.

Usingizi unakataa kidogo. Chakula cha jioni kilikuwa kizito.

Ijumaa, 27 Juni

Siku yenyewe. Shati jeupe. Maji nyuzi thelathini na nne. Wakaguzi wawili: mwanaume wa tai, na mama mmoja aitwaye Jovia, mwenye fomu. Bayingana naye yupo, nyuma yao, tepu mkononi, kama mtu aliyekuja kuposa.

Nikatangaza: ishirini na watatu! Mama Jovia akaandika. Kisha akafunua ukurasa wa pili. Sikuwahi kujua kuna ukurasa wa pili. Kauliza, kati yao, wangapi wamerudi uwanjani?

Nikajibu kwa fahari: hakuna hata mmoja. Sisi hatuachi mgonjwa.

Tepu ya Bayingana ikalia "trrr".

Hapo Gwiza akatoka majini. Akasimama ukingoni kwa mguu ule ule, akaruka mara kumi, maji yakamrukia mwenye tai. Akasema yeye mzima tangu Jumatatu, na kama fomu ina nafasi ya mateka, wamwandike humo.

Mukantwari akafungua mkoba wake. Majina tisa ya mwanzo, tarehe za kupona, saini za kocha. Wote wanacheza. Alikuwa akiandika mwaka mzima, nyuma ya mgongo wangu! Palepale akamwandikia Gwiza karatasi yake, ya kumi. Gwiza akauchukua muhuri mfukoni mwangu kwa mkono wake mwenyewe, akaupiga, akakimbia kwa kocha nywele zikichuruzika. Ilikuwa saa kumi kasoro robo.

Uamuzi: nusu ya lengo, lakini nusu ya kweli. Bwawa linabaki, chini ya Mukantwari. Mimi nabaki na ufunguo, na brashi.

Jumapili, 29 Juni

Fainali. Seti tano. Pointi ya mwisho kapiga Gwiza, katua kwa miguu miwili, salama. Wakambeba. Alinipungia mkono, au alifukuza inzi.

Nilikaa na pipa la barafu mechi nzima. Hakuumia hata mmoja, wa kwetu wala wa kwao. Watu hawana shukrani.

Jumatano, 2 Julai

Nimetafakari. Kosa langu nimeliona: nilijaza ukurasa wa kwanza nikausahau wa pili. Mwaka huu naanza na wa pili. Kila atakayeingia atapewa karatasi ya kupona mlangoni, kabla hajavua viatu. Maji atayakuta baadaye akipenda.

Imihigo mipya nimesaini mapema, nikamwachia Mukantwari mezani kabla hajanikataza: wanamichezo arobaini waliopona, kabla ya tarehe 31 Agosti. Karatasi zote arobaini nimeshazipiga muhuri.

Nikafungua mlango saa mbili. Nikakaa. Saa sita mlinzi akapita, akaniambia chuo kilifungwa juzi. Wanafunzi wanarudi Septemba.