Choki Mbili kwa Tyubu Moja

Jumatatu, 5 Novemba 1956
Aibu! Nyumba zote za wafanyakazi hapa mgodini Geita zina tyubu moja sebuleni, lakini ya jirani yangu Akida inang'aa kuliko yangu. Ati siri ni kuifuta vumbi. Nani ataamini! Jumamosi Mzee Mageni anakuja kutoka Shinyanga kumposea mwanawe binti yetu Serafina. Atukute gizagiza? Haiwezekani. Tyubu hulishwa umeme na choki, kile chuma kizito kilicho juu yake. Choki moja, mwanga kiasi. Je, mbili?

Jumatano, 7 Novemba
Fundi umeme kanipa choki kuukuu. Kanionya nisiiunge. Wivu tu.

Alhamisi, 8 Novemba
Nimeunga. Mchana mtupu! Nikacheka peke yangu. Mke wangu Scolastika hakucheka. Kaona utando wa buibui, nyufa za ukuta na kiraka cha suruali yangu. Amefagia kwa hasira. Kisha wakaingia kumbikumbi, majeshi kwa majeshi. Nyuma yao Akida, na beseni. Alijaza, akashukuru, akaomba na chumvi.

Ijumaa, 9 Novemba
Ncha za tyubu zimekuwa nyeusi. Choki hazishikiki kwa moto. Scolastika kasema niondoe moja. Nimemjibu chuma huzoea.

Jumamosi, 10 Novemba
Mzee Mageni alifika jioni. Shikamoo, marahaba, akaketi chini ya taa. Akafumba macho. Aliuliza kwa adabu kama nina kofia ya kumwazima. Nikampa. Ndipo choki ikaanza kuvuja lami iliyojazwa ndani yake. Tone la kwanza kwenye chai. La pili kwenye koti lake jeupe. "Mayu wane!" akaruka, akimwita mama yake kwa Kisukuma. Paa! Giza totoro.
Nikamsikia Serafina akilia. "Baba, umenifanya nini?"
Moyo uliniuma kweli. Akida akaita kutoka kwake, "Karibuni huku, jamani!" Wakahamia wote. Posa imekubaliwa barazani kwa Akida, naye akijifanya mwenyeji. Mimi nilipata kigoda cha mlangoni. Lakini Serafina alitabasamu, nami nikafurahi, kwa kificho.

Jumapili, 11 Novemba
Mzee Mageni kaondoka, koti kalikunja kwapani. Kasisitiza harusi iwe mchana. Nimewaza kutwa, kosa nimeliona. Tyubu moja ilizidiwa na choki mbili. Maskini, ilikuwa peke yake! Kesho natafuta tyubu ya pili. Na choki nne.