Nadhiri ya Mkono wa Kulia

Jumatatu, 4 Novemba

Nimepigwa tena. Na Sombir tena, bondia mwenzangu wa uzito mmoja. Mara ya tatu katika mwezi mmoja na kidogo, mbele ya ukumbi mzima, na safari hii hata mama anayefagia aliegemea ufagio wake atazame. Guruji Dharamvir, kocha wetu, alinivua kofia ya mazoezi akaniambia kichwa changu kinasubiri ngumi kama mgeni anayesubiri chai. Kisha akarudia wimbo wake wa miaka miwili: mkono wa kulia ukae shavuni, wa kushoto udonoe, udonoe, udonoe. Kudonoa! Kwani mimi kuku?

Mchujo wa timu ya wilaya ni Jumapili ya tarehe 17. Katika uzito wetu nafasi ni moja. Nina miaka ishirini na miwili, na baba ameshasema wazi: nikiikosa mwaka huu, glavu zinatundikwa na mimi naenda kusimamia tanuri la matofali la baba mkubwa. Vumbi, moshi, na baba mkubwa anayeimba kutwa nzima.

Lakini nikiwa nimebana barafu puani, wazo likaja. Ukumbini kwetu hakuna mashoto, mtu wa kupigana kwa kushoto, hata mmoja. Sombir hajawahi kupigana na mashoto maishani mwake. Basi nitakuwa mashoto! Siku kumi na tatu zinatosha kabisa. Ni siri. Guruji ndiye asijue kuliko wote.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeufunga mkono wa kulia kiunoni kwa mtandio wa Bibi, nikajitanda shali juu yake. Sasa kila kitu kwa kushoto. Hata shajara hii, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Kupiga mswaki: damu. Kamba za viatu: nimeziacha zining'inie.

Kukamua: balaa. Bhoori, nyati wetu wa maziwa, amezoea mikono miwili, tena kutokea upande wa kulia. Nilipomjia kutoka kushoto na mkono mmoja, aligeuza shingo akanitazama kama karani anayetazama fomu isiyo na muhuri. Akaipiga ndoo teke. Halafu mimi. Sombir hana kasi ile.

Dada yangu Santosh aliniuliza nimeficha nini chini ya shali. Nikasema baridi. Akauliza ni baridi gani hiyo inayoshika mkono mmoja.

Alhamisi, 7 Novemba

Ukumbini nasimama kama kawaida, nisije nikajulikana. Sombir kaniambia, "Ndugu yangu Balraj, matofali ya baba mkubwa yakiiva, niwekee mawili ya ukumbusho." Wote wakacheka. Nami nikacheka, maana najua ninachokijua.

Nyumbani, nyuma ya lundo la nyasi, nimelitwanga gunia la makapi kwa kushoto mpaka likapasuka. Bhoori naye amelegea kidogo: nusu ndoo. Mkono unawaka moto kuanzia kiwikoni mpaka vidoleni. Dalili njema!

Jumapili, 10 Novemba

Msiba.

Leo wakwe watarajiwa wa Santosh walikuja kukamilisha posa. Wamekuja saa nzima kabla ya wakati. Mimi zizini, mkono umefungwa, na fundo la mtandio nililolikaza kwa meno likakataa kufunguka. Baba ananiita kwa sauti ile yake ya mbele za watu. Nikaingia na shali langu.

Ndugu wa bibi harusi ndiye anayemlisha baba wa bwana harusi kipande cha kwanza cha tamutamu. Ndivyo tufanyavyo. Nikachukua kipande. Kwa kushoto. Nikamwelekezea mdomoni Mzee Risal Singh, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na masikio yaliyovunjwavunjwa na mieleka ya ujana wake.

Vijiko vikasimama hewani. Shangazi wa bwana harusi akamnong'oneza jirani yake, na wote tukasikia: jamani, hawa ukoo wao una maradhi ya mikono? Baba akawa mwekundu kama pilipili. Kwenye upenyo wa mlango niliona jicho moja la Santosh, na jicho hilo lilikuwa linanizika.

Ulimi wangu ukaniokoa bila kuniuliza. Nikasema nimeweka nadhiri kwa Hanuman, mungu wetu wa nguvu: mkono wa kulia sitautumia kwa lolote mpaka nishinde mchujo.

Mzee Risal alisimama. Nikajua nakula kibao. Kumbe ananikumbatia! Machozi yalimlengalenga. Akasema na yeye zamani aliweka nadhiri ya siku arobaini bila chumvi, na kwamba nyumba yenye kijana mwenye imani hii ndiyo nyumba anayotaka kumchukulia mwanawe mke. Akala tamutamu kutoka mkono wangu wa kushoto. Posa imepita! Ila atakuja mwenyewe tarehe 17, aione nadhiri ikitimia kwa macho yake.

Bibi amenifunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, huku analia kwa furaha. Santosh alinivuta nyuma ya jiko. "Kaka yangu mpenzi, wewe na Hanuman mlijuana lini? Sasa sikiliza. Ukiuinua huo mkono kabla ya kushinda, hata kwa kujikuna, nitakuvunja wa kushoto."

Jumatatu, 11 Novemba

Siri imekwisha. Shangazi yule ana mdomo mkubwa kuliko redio. Wilaya nzima ya Bhiwani inajua napigana kwa kushoto. Sombir aliushika uzi wangu, akausifia rangi, kisha akaenda kijiji cha pili kumleta binamu yake afanye naye mazoezi. Binamu ni mashoto wa kuzaliwa.

Guruji alipoelezwa alicheka mpaka akajishika kwenye kamba za ulingo. Hakunikataza. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumatano, 13 Novemba

Bibi ananilinda kuliko polisi. Jana nzi alinitua puani, mkono wa kulia ukainuka kidogo tu, nikachapwa na fimbo yake. Lakini na Bhoori tumepatana. Ndoo nzima kwa mkono mmoja, bila kupumzika! Mkono wa kushoto umenenepa mpaka shati linabana.

Ila naogopa. Naliandika hapa kwa kuwa hakuna wa kulisoma. Naitaka ile fulana ya bluu yenye jina la wilaya mgongoni. Nimeitaka tangu nikiwa darasa la tano. Na sasa nikishindwa, naikosa, tena namtia aibu Santosh.

Jumapili, 17 Novemba

Raundi ya kwanza nilisimama kimashoto, mguu wa kulia mbele. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo ningeweza kuligundua mapema: mashoto hudonoa kwa mkono wa kulia. Wangu una nadhiri! Nikawa mtu wa ngumi moja, na hiyo iko mbali nyuma. Sombir alijifundisha vizuri kwa binamu. Konde lake la kulia lilinifikia kila lilipotaka. Majaji wote watano wakampa yeye.

Kwenye kona Guruji akanimwagia maji kichwani. "Wewe mwana, simama kama ulivyozaliwa! Na huo mkono wa nadhiri ubandike shavuni, usije ukakuponyoka mbele ya mkwe wa watu!"

Nikageuka. Mguu wa kushoto mbele. Wa kulia nikaubandika shavuni kama mtu anayeumwa jino. Kilichobaki ni wa kushoto, nao ulijua kazi moja tu, ya kukamua: vuta, achia, vuta, achia. Puani. Puani tena. Sombir alikuwa anasubiri konde kubwa kama la binamu yake, na mimi namletea vidogo vidogo. Lile konde lake la pembeni, lililonilaza mara tatu, lilikuwa linatua kwenye glavu yangu ya kulia, iliyokaa pale haina shughuli.

Raundi ya tatu alichoka, kidevu kikabaki wazi kabisa. Bega langu la kulia likashtuka. Nikamwona Santosh amesimama juu ya kiti. Nikaacha. Nikadonoa.

Majaji watatu kwa wawili. MIMI! Refa akaniinua mkono, na akauinua wa kulia, Bibi akapiga yowe la nadhiri, lakini nadhiri ilikuwa imeshatimia. Mzee Risal aliuvua uzi kwa mikono yake, kilemba kimemwangukia begani. Baba alinikumbatia. Sombir naye, ungwana wake sikuutegemea: "Ndugu yangu, pua yangu inakusalimu."

Nimeilalia fulana ya bluu.

Jumatatu, 18 Novemba

Guruji kaniita asubuhi, macho yamemlowa. Anasema miaka miwili amekuwa akiniomba kitu kile kile, wa kulia shavuni, wa kushoto udonoe, na hatimaye nimekifanya. Anasema mashindano ya jimbo ni tarehe 10 Desemba, basi wiki tatu zote tuunoe mkono huo huo. Niligusa miguu yake kwa heshima, nikaitikia ndiyo Guruji.

Maskini Guruji! Haoni kwamba nilishinda kwa mpango. Na mpango uliokwisha kutumika umekwisha. Jimbo zima sasa linajua kushoto kwangu. Lazima niwe na jipya, nami nimelipata nikinywa chai: kila bondia anafanya mazoezi na watu wanaomjia. Nani anajua kupigana na mtu anayerudi nyuma tu, tangu kengele mpaka kengele? Hakuna! Siku ishirini na mbili zinatosha kabisa.

Nimeanza leo leo. Nimekwenda zizini kinyumenyume, na ndoo.

Naandika nimelala kifudifudi. Bhoori hakupenda. Santosh ananikanda kiuno kwa samli waliyoileta wakwe zake, na ameuliza kwa nini nilikuwa natembea vile.

Nimemwambia baridi.