Nimemsimamisha Profesa Kwa Kusinzia

Jamani, leo aibu imenikuta mchana kweupe, tena mbele ya watu wenye digrii tatu tatu. Naandika haya kabla sijatulia. Chai niliyopewa imepoa na sijaigusa.

Kwa wasionifahamu: naitwa Atupele, afisa kilimo, niko Mbarali kwenye mpunga. Nina miaka arobaini na kitu (hicho kitu tuachane nacho). Nina watoto watatu, mume mvumilivu, na mwaka jana nikajiongezea shahada ya uzamili Iringa. Hakuna aliyenilazimisha. Katikati ya wiki niko matopeni na wakulima, Ijumaa jioni napanda basi, Jumamosi na Jumapili darasani, Jumatatu asubuhi nimerudi matopeni. Mume wangu anasema siku hizi ananiona zaidi kwenye picha ya harusi ukutani.

Leo ilikuwa zamu yangu ya kutetea pendekezo la utafiti, au tunavyosema wenyewe, kudifendi. Ukivuka, unakwenda kukusanya data. Usipovuka, unasubiri muhula mwingine. Na mimi muhula mwingine sina! Bosi wangu alishaniita ofisini, akaniambia kwa upole ule unaotisha kuliko kelele: "Mama, ofisi imekuvumilia vya kutosha. Safari hii usipovuka, itabidi uchague. Shamba au darasa." Kwa hiyo leo ni leo, asemaye kesho mwongo.

Ili mwelewe nilivyoangamia, lazima niwaambie nilikotoka. Wiki nzima nilikuwa Madibira nafundisha kilimo shadidi cha mpunga, kile cha kupandikiza mche mmoja mmoja kwa nafasi. Sasa mkulima ameamka alfajiri, ameshinda shambani, amekula wali akashiba, halafu unamkalisha kwenye ukumbi wa bati saa nane mchana umweleze habari za nafasi kati ya mche na mche. Atalala. Si dharau, ni mwili tu.

Sisi maafisa ugani tuna dawa yake. Ukiona macho yanalegea, unapaza sauti, "Wakulima oyee!" Wote wanaitikia. Yanafuata makofi ya kupepeta: unasugua viganja kama mtu anayepepeta mpunga, kisha unapiga kofi moja la nguvu. Akibaki mtu anasinzia, anasimamishwa, anatuimbia. Hakuna anayekasirika. Wiki hii nimemsimamisha hadi mwenyekiti wa kijiji (anaimba vizuri kuliko anavyoendesha vikao).

Mafunzo yameisha jana jioni. Leo alfajiri nikadandia basi la Mafinga, barabara vumbi tupu, kompyuta mapajani, nasoma slaidi zangu huku zikirukaruka. Mafinga ukungu na baridi ya kukata masikio. Nikabadilisha gari, nikashuka Ipogolo, bajaji ikanipandisha mlima hadi mjini. Nimefika chuoni nimechakaa, vumbi hadi kwenye nyusi.

Getini alikuwa ananisubiri Zuhura.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana Zuhura lazima nimsifie. Tunasoma darasa moja. Ni muuguzi wa wodi ya wazazi, mtoto wa Miyomboni, kwao ni wafanyabiashara wa siku nyingi hapa Iringa. Usingizi anaujua kwa kusimuliwa. Anajirekodi kwenye simu akisoma masomo kwa sauti, halafu anajisikiliza huku anasukuma chapati za watoto wake. Siku aliyodifendi yeye alikuwa ametoka kuzalisha pacha, akaingia, akajibu maswali kama anasoma gazeti, akarudi wodini kuangalia wale pacha wameendeleaje. Leo ametoka zamu, hajalala, na amekuja kunishangilia. Apewe maua yake angali hai!

Akanitazama kuanzia juu hadi chini. Chini akakwama.

"Shoga, hivyo viatu unaingia navyo?"

"Ndivyo nilivyonavyo."

"Vina tope la Madibira mpaka kwenye kamba! Vua."

"Na wewe utavaa nini?"

"Mimi natetea nini leo? Vua, bwana."

Akanipa viatu vyake vyeusi vinavyong'aa, akavaa mabuti yangu ya matope na baibui lake safi lililonyooka. Akanifuta vumbi usoni kwa kitambaa, akaninywesha chai ya chupa, akanisukuma mlangoni. Nilitaka kulia, ila muda haukuniruhusu.

Nimepangiwa saa nane mchana. (Mnaona hatari inavyokuja? Mimi sikuiona.)

Jopo lina watu wanne. Mwenyekiti ni yule daktari tunayemwita Kizingiti, kwa sababu kila anayepita kwake lazima ajikwae. Pembeni yake amekaa Profesa mmoja mzee, Mhehe mrefu, mtulivu, shati la bluu. Huyu nimesoma maandishi yake tangu nikiwa diploma. Karibu kila kitu ninachokijua kuhusu wakulima wadogo, yeye alikisema kwanza. Tangu nianze masomo nilikuwa naota siku atakayoniuliza swali. Zuhura akaenda kukaa nyuma kabisa, akaficha mabuti chini ya kiti.

Nimeanza vizuri, nisijinyime sifa. Utafiti wangu unauliza hivi: kwa nini wakulima wanafundishwa kilimo shadidi, wanakielewa, wanakipenda, halafu msimu ukifika wanarudi kupandikiza kwa mafungu kama zamani? Nikaeleza tatizo. Nikaeleza malengo. Kizingiti akatikisa kichwa kukubali, jambo ambalo wanasema halijawahi kuonekana.

Jua linaingia dirishani. Feni haizunguki. Jopo zima limetoka kula. Nikatupa jicho pale kwa Profesa.

Macho yamefumba. Kidevu kimelala kifuani.

Hapo ubongo wangu ukarudi Madibira bila kuniaga.

"Jamani, naona usingizi umeshaingia!" nikapaza sauti. "Wakulima oyeee!"

Wajumbe watatu wakatazamana.

Kizingiti kalamu imemsimamia hewani. Halafu kutoka nyuma kabisa, sauti moja ya kike, ya uchovu lakini imara, ikaitikia:

"Oyee!"

Zuhura! (Nilipomuuliza baadaye akanijibu, "Sasa ningekuacha peke yako?") Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Mimi nimesikia oyee moja, nikaona imepoa.

"Haijatoka! Haya, makofi ya kupepeta, twende!"

Nikaanza kusugua viganja. Nisiwafiche, mjumbe mmoja, mama mtu mzima, naye alishaanza kusugua vyake. Na mimi nikanyoosha kidole.

"Na wewe baba hapo mbele! Ndiyo, wewe wa shati la bluu. Usingizi hapana. Simama kidogo tunyooshe mgongo!"

Profesa akafumbua macho. Akanitazama. Akaweka miwani yake mezani taratibu. Akasimama.

Ni mrefu yule mzee, kwa hiyo hakumaliza kusimama upesi. Na kadiri alivyokuwa anapanda, mimi fahamu zilikuwa zinanirudia. Nikaona ukuta mweupe. Nikaona slaidi yangu. Nikaona jina langu kwenye slaidi. Nikakumbuka niko wapi na nimemnyooshea nani kidole. Kidole chenyewe bado kiko hewani! Neno pekee nililolipata ni lile tulilofundishwa utotoni.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba," akasema. "Haya, nimesimama. Sasa?"

Ningeweza kuomba radhi. Ningeweza kuzimia. Lakini mdomo wangu ulikuwa bado uko kazini, ukajibu wenyewe:

"Kwa kawaida... huwa anaimba."

Kizingiti akainamia makaratasi yake. Mabega yanatikisika. Yule mama aliyekuwa anapepeta akageukia dirishani. Mimi nikasubiri ardhi ipasuke nitumbukie, lakini ardhi ya Iringa ina mawe, haipasuki hovyo.

"Kuimba nilimwachia mke wangu, yuko kwaya," akasema Profesa bila kucheka. "Mimi nitauliza swali. Na nitauliza nikiwa nimesimama, maana mwenye semina ndivyo alivyoagiza. Halafu mwanangu, sikulala. Nikisikia jambo la maana nafumba macho ili nilisikie vizuri."

Nilitamani angenitukana.

"Umetuambia wanaopandikiza mpunga ni akina mama vibarua," akaendelea. "Halafu ukasema utawahoji wenye mashamba waliohudhuria mafunzo. Sasa anayeinama shambani ni nani, na uliyemwalika ukumbini ni nani?"

Kumbe alikuwa ameshika kila neno! Wenzake watatu wamekodoa macho muda wote, na hilo tundu hawajaliona. Nami sikuliona, na nimeishi na hao watu miaka. Nikaona kabisa darasa linaniponyoka. Nikaona sura ya bosi wangu.

Lakini wiki nzima nilikuwa matopeni na hao hao akina mama. Nikaacha slaidi. Nikamwambia kama nilivyoyaona: kibarua analipwa kwa eneo, si kwa muda. Ukimwambia apande mche mmoja mmoja kwa kamba, kazi ya siku moja inakuwa ya siku mbili na ujira ni ule ule. Mwenye shamba akigeuka kwenda kunywa chai, kibarua anarudia mafungu yake, na ana haki. Mwenye shamba ndiye niliyemwalika. Anayeinama hakualikwa.

"Na huko Madibira nilimsimamisha aimbe mtu ambaye wala hapandi," nikamalizia. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nimechanganyikiwa.

Profesa akavaa miwani yake. "Huo ndio utafiti," akasema, akakaa.

Wametutoa nje wajadiliane. Pale kwenye korido Zuhura alicheka mpaka akashika ukuta, na mabuti yangu miguuni. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu. Ndani tunasikia mtu anasema jambo, kisha kicheko, kisha, naapa, kofi moja la nguvu.

Wakatuita. Kizingiti akakaza uso. "Mtahiniwa amevuka, na marekebisho mawili. La kwanza, awaingize vibarua kwenye utafiti. La pili," akanywa maji kwanza, "mtahiniwa asisimamishe wajumbe wa jopo."

Nimepiga magoti pale pale kwa Profesa kuomba radhi. Akaniinua. Akaniambia naye alisoma akiwa kazini, mwalimu wa shule ya msingi kijijini, anafundisha mchana na kusoma kwa kibatari, na darasani kwao alisinzia sana tu. "Hakuna aliyenisimamisha," akasema. "Angekuwepo wa kunisimamisha, ningemaliza mapema." Halafu akaniuliza kama akina mama wa Madibira watakubali kuongea naye, maana anataka kuja. Profesa! Kuja matopeni kwangu! Umri ule, elimu ile, bado anataka kuuliza. Ndiyo maana nilimsoma tangu diploma. Na mtu huyo ndiye nimemwambia anasinzia!

Zuhura naye amevaa viatu vyake, amewahi zamu ya jioni. Kwake huyo ni Jumamosi kama nyingine.

Basi nimevuka, ndugu zangu. Bosi wangu sijampigia bado, nasubiri sauti iache kutetemeka. Mwenye namba yake nakuomba, usimtumie hii mpaka niongee naye kwanza. Akianza kusoma akafika kwenye oyee, kwenye matokeo hatafika.