Gari Langu Halina Umri Tena

Nyumba Na. 7, Njia ya Kinu,
Skelderby, Yorkshire.
Jumatatu, tarehe 2 Septemba

Kwa Mhariri,
Jarida la Kijiji cha Skelderby.

Ndugu Mhariri,

Kosa ambalo watu wengi hufanya wanaponunua namba yao wenyewe ya gari ni kudhani kwamba wamenunua jina. Wanazitazama herufi, wanatabasamu, wanapiga picha. Hawajui kwamba papo hapo wamepoteza umri wa gari, na umri huo haurudi. Nililifanya kosa hilo mwezi wa Aprili, nikiwa na miaka sabini na saba na akili timamu, na ndiyo sababu ya barua hii.

Naomba univumilie nieleze. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na sita na sijui njia nyingine ya kusema jambo. Namba ya kawaida ya nchi hii hubeba tarakimu mbili zinazotaja nusu mwaka ambayo gari lilisajiliwa kwa mara ya kwanza. Zinabadilika kila Machi na kila Septemba. Kwa hiyo hapa kwetu hakuna anayemuuliza jirani gari lake ni la mwaka gani. Kuuliza hivyo ni sawa na kumuuliza mtu uzito wake. Unapita na mbwa wako, unatupia kibao cha namba jicho moja, unapiga hesabu kichwani, unaendelea na safari. Ukifika kona umeshajua jirani anaendeleaje kimaisha, na umeshamhurumia au umeshamchukia.

Gari langu la zamani lilianguka kwenye ukaguzi wa mwaka. Fundi alitoka chini yake akavua kofia, nikajua. Nikanunua jingine lililotumika, kutoka kwa mjane mmoja wa Lincoln: dogo, rangi ya fedha, safi. Wiki hiyohiyo binti yangu Rosalind akaniletea zawadi ya siku ya kuzaliwa, namba yenye herufi za jina langu. Ilikuwa moja ya namba zenye asili ya Ireland Kaskazini, ambazo hazina mwaka ndani yake, na iligharimu kama mashine nzuri ya kufulia. Sheria inakataza kulivika gari namba inayolifanya lionekane jipya kuliko lilivyo, lakini namba isiyosema kitu inaruhusiwa kwenye gari lolote. Sheria haikufikiria kwamba watu wataumizwa na ukimya.

Nilifuata utaratibu wote, gari likiwa bado kwa mjane. Niliomba namba ihamishiwe kwenye gari, nikasubiri kadi mpya ya gari, nikaiarifu bima, ndipo nikalichukua gari moja kwa moja hadi mjini kwa Bi. Noreen Tasker, anayetengeneza vibao karibu na stesheni. Alikataa kuwasha mashine mpaka aone kadi na leseni.

"Noreen, mimi ndiye niliyekufundisha mito yote ya Afrika."

"Na nakushukuru, Mwalimu. Leseni."

Nilipomwomba azisogeze herufi kidogo, zikae kama jina hasa, alinitazama kana kwamba nimemwomba anishikie ngazi tukaibe benki. Alinibandikia vibao palepale, cheupe mbele na cha njano nyuma, nami nikaliendesha gari hadi nyumbani. Kwa hiyo hakuna mtu wa Skelderby aliyewahi kuiona namba yake ya kwanza. Malalamiko yangu ni haya.

1. Watu wameanza kuniheshimu. Kwenye maegesho ya duka la dawa hakuna anayethubutu kuegesha karibu nami, hivi kwamba natumia nafasi tatu kwa ajili ya kununua dawa ya kikohozi. Wanaume wawili wamenifungulia mlango wa gari. Mmoja wao nilimfundisha, na shuleni hakuwahi kunifungulia hata dirisha.

2. Kasisi Prudence, ambaye kwa miaka tisa alinipa mkono mmoja baada ya ibada, sasa ananipa miwili.

"Mwalimu, paa linavuja upande wa kwaya."

"Lilikuwa linavuja siku niliyobatizwa, Kasisi."

"Ni kweli, lakini siku hizi Mungu ametujalia waumini wenye uwezo." Akasema hivyo huku macho yake yakipita dirishani, yakatua kwenye maegesho.

3. Kwenye tamasha la kijiji mwezi wa Julai nilikwenda kupeleka keki ya limau, basi. Langoni alikuwepo katibu wa kamati, Bwana Lionel Strickland, na orodha yake. Alikuwa ameamua kwamba namba yenye mwaka ni ya mgeni, iende kwenye malisho ya kondoo. Namba isiyo na mwaka ni ya Magari ya Kale, iende uwanjani. Nilimweleza. Akaniambia, "Mwalimu, usiwe mnyenyekevu kupita kiasi," akanielekeza katikati ya trekta la mvuke na gari la zimamoto la mwaka 1938. Jaji kutoka York alifungua boneti yangu, akatikisa kichwa kwa mshangao, akasema hajawahi kuona injini ya kale iliyotunzwa namna ile. Bwana mmoja alinikamata mkono akaniuliza kama vipuri bado vinapatikana. Nikamwambia vinapatikana kila mahali. "Una bahati sana, mama," akasema, machozi yakimlengalenga.

Nilipewa utepe wa nafasi ya tatu. Magari yalikuwa manne, na la nne lilikuwa lile la zimamoto, ambalo lilishika moto.

4. Hayo yote ningeyabeba. Lakini jirani yangu Bwana Hedley Umpleby haongei nami tena.

Wasomaji wako wanamjua. Alikuwa mkaguzi wa majengo, na kila Machi hununua gari jipya, ili siku ya kwanza kabisa ya tarakimu mpya aendeshe taratibu mara mbili kuzunguka kijiji. Hajui lolote kuhusu magari. Anachojua ni vibao. Kwa miaka ishirini na miwili, kila Jumapili asubuhi, ameosha gari lake upande wake wa ua, nami nikaosha langu upande wangu.

"Mwalimu! Hilo lako bado lina pumzi?"

"Lina pumzi kuliko anayeuliza."

"Ukilisugua sana utatoboa, ni kutu tupu hiyo!"

"Sugua lako, Hedley, usije ukalirudisha kwa muuzaji lina vumbi."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na sikumbuki Jumapili ambayo yalikosekana. Mume wangu Wilf alipofariki, miaka sita iliyopita, majirani wote walishusha sauti mbele yangu kwa mwaka mzima, isipokuwa Hedley. Jumapili baada ya mazishi alipaza sauti juu ya ua kuniuliza kama gari langu nalo linahitaji jeneza. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani mabichi. Tangu wakati huo, sauti ya kwanza ninayoisikia Jumapili ni yake.

Au ilikuwa yake. Jumapili ya kwanza ya vibao vipya alitokea na ndoo, akafungua mdomo, akatazama namba, akaufunga. Akatazama tena. Niliona midomo yake ikijaribu kupiga hesabu isiyokuwepo. Kisha akaingia ndani, na ndoo ikabaki nje. Zimepita Jumapili kumi na tisa. Siku hizi analiosha Jumamosi, upande wa barabara, kimyakimya. Mimi naendelea Jumapili kama kawaida. Ukweli ni kwamba gari langu halijawahi kuwa safi hivi, kwa sababu namaliza halafu naanza tena, nikisubiri.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ninaomba kwa heshima kwamba Jarida letu lichapishe mwaka wa gari langu kwenye ukurasa wa kwanza, kila mwezi, mpaka habari imfikie kila mtu. Sikuuandika hapa kwa sababu barua hupita mikononi mwa wengi. Nimeuweka kwenye bahasha ndogo ya bluu iliyomo ndani ya hii.

Ninaomba pia Halmashauri ya Kijiji isimamishe bango lenye mwaka huo mbele ya lango langu, liwe la kusomeka kutoka barabarani kwa mtu mwenye mbwa.

Na kwa kuwa haki haiwezi kuishia kwangu, ninapendekeza sheria hiyo itumike kwa wote. Nyumba Na. 3 imewekewa mlango mpya wa rangi ya zeituni ambao unaificha nyumba iliyojengwa kabla ya vita. Mlango ule uandikwe mwaka wa nyumba. Bi. Audrey Pickersgill ametimiza miaka sitini na tisa mara saba sasa, na nywele zake zinamuunga mkono. Naye avae tarakimu zake, mbele nyeupe na nyuma njano, aende zake kwa amani. Keki za mauzo ya kanisa zibandikwe siku zilipookwa. Mahubiri yasemwe yameandikwa lini kwa mara ya kwanza. Kijiji ambacho kila kitu kinajulikana umri wake ni kijiji ambacho majirani wanaweza kutukanana kwa uhakika, na bila uhakika huo, Ndugu Mhariri, mtu anabaki na ndoo tu.

Nakushukuru kwa kunisoma hadi hapa. Msalimie mkeo na goti lake, mapacha, na wote wa ofisini. Mwambie Lionel ninataka sahani yangu ya keki.

Wako katika kuosha gari,
Muriel Oldroyd (Bi.)
Mwalimu mstaafu

Baada ya sahihi: Nilikuwa nimemaliza kulamba gundi ya bahasha saa ya chai (imeshashika, kwa hiyo karatasi hii naibandika nje yake) wakati mlango wa mbele ulipogongwa. Alikuwa Hedley. Kwa miaka ishirini na miwili hajawahi kugonga mlango wangu wa mbele. Alikuwa amevaa tai.

"Mwalimu," akasema, "nimeshindwa. Ni la mwaka gani? Niambie tu, hata kama ni jipya kuliko langu. Nitavumilia."

Kumbe hilo ndilo lililomfungia ndani miezi yote hii: aliogopa zamu ya kutaniwa imekuwa yake. Nilifungua mdomo nimwambie. Nakuapia nilifungua mdomo. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema, "Wewe unadhani la lini?"

Akakisia. Alikosea kwa miaka sita. Nikamkaribisha ndani. Amekunywa birika mbili za chai, amekula nusu ya mkate wa tangawizi, na amekisia mara kumi na moja, kila mara akinitukana zaidi. Ameniita mwizi, mchawi, na mkuu wa shule. Ameondoka sasa hivi akicheka, akipiga ua kwa fimbo yake, na Jumatano atarudi na tochi, kwa sababu mtu amemwambia kuna tarehe chini ya mikanda ya viti. Jumatano asubuhi nitakuwa nimeshaifunika kwa gundi na kitambaa.

Kwa hiyo malalamiko ya kwanza hadi ya tatu yabaki, na la nne nimeliondoa, pamoja na maombi yangu yote. Usichapishe mwaka, mwezi huu wala mwezi wowote. Ile bahasha ya bluu, ichome leo bila kuifungua.