Nishani Mbili na Kamba Moja

Jumatatu, 3 Juni

Katibu wa chama cha askari wastaafu kabandika ukutani orodha ya nishani zetu, kama ilivyotoka masjala ya jeshi. Mimi: mbili. Mbili! Nikasoma tena nikidhani jicho limeruka mstari. Mbili vilevile.

Tarumbeta: nne. Huyu alikuwa mpiga tarumbeta wa kombania yetu, na sasa ndiye mwenyekiti wa chama. Anakaa nyumba ya tatu kutoka dukani kwangu. Mtu aliyepigana vita kwa mashavu, nne! Mimi niliyeendesha lori kwenye kila tope la nchi hii, mbili!

Si orodha tu. Jumamosi unazinduliwa mnara wa kikosi chetu, na mwenye nishani nyingi kuliko wote ndiye atakayeweka shada la maua. Nimeshamwambia mama kwamba ni mimi. Nilimwambia tangu mwezi jana. Nilihesabu nishani nilizostahili, nani angejua kwamba wengine wanahesabu zilizoandikwa? Mama anakaribia miaka tisini. Ameshashonesha gauni. Amewaambia wenzake wote wa kikundi cha akiba, na wale wakiambiwa kitu hakuna redio inayowafikia.

Lakini mimi si mtu wa kulia. Duka hili la matairi nililianza na jeki ya kuazima. Nimekaa nikapiga hesabu. Zinazokosekana ni mbili: ya operesheni ya mpakani na ya uokoaji wa mafuriko. Mbili na mbili, nne. Tarumbeta nne. Mkilingana, kwa kanuni za chama, anatangulia aliyeandikishwa jeshini kwanza. Mimi nilimtangulia! Nimeshinda. Yamebaki makaratasi tu. Masjala inafunga marekebisho Ijumaa saa sita mchana.

Mke wangu akauliza kama nina hakika na ile ya mafuriko. Nikamwambia, mama watoto, kombania nzima mpaka leo inaniita Samaki. Unadhani jina kama hilo linagawiwa bure? Akasema haya, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Jumanne, 4 Juni

Masjala. Karani ni mama mmoja mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Mimi najua ofisi zinavyokwenda, sikwenda mikono mitupu. Nilimpelekea tairi. Jipya kabisa, bado lina nywele zake za mpira. Nikaliegemeza kwenye meza yake bila maneno mengi.

Akalitazama. Akanitazama. Akaniuliza tairi la nini. Nikasema la gari lake. Akasema yeye hana gari, mzee, anakuja kazini kwa miguu. Nikasema basi la gari la mumewe. Akasema mumewe ni marehemu. Nikampa pole. Akasema asante, sasa toa hilo tairi kabla sijaita mtu.

Hata hivyo ni mtu wa haki. Alipanda ngazi, akashusha majalada, akapuliza vumbi lote likaniingia mimi. Nishani ya mpakani ilikuwa imewekwa kwenye jalada la askari mwenye namba inayofuata yangu, mtu ambaye mpakani hakuwahi kufika. Amejipamba na nishani yangu miaka yote hii! Karani akarekebisha palepale, muhuri puu. Tatu!

Ile ya mafuriko ikakataa. Jina langu halimo popote. Anataka maandishi ya mashahidi wawili waliokuwepo, na mmoja lazima awe wa kwenye boti za uokoaji. Nikapiga hesabu haraka. Wa boti aliye hai na anayefikika ni mmoja tu. Tarumbeta.

Mshtuko haukuishia hapo. Getini askari wa zamu akanisimamisha. Tairi hili limeandikwa wapi wakati wa kuingia? Halikuandikwa. Nilikuwa nimelipitisha kwa mtindo wa kulibingirisha upande wa pili wa gari la maji. Basi, akasema, kitu ambacho hakikuingia hakiwezi kutoka. Nikamwambia ni langu, nauza matairi. Akasema hapa ndani kila kitu ni cha jeshi mpaka karatasi iseme vinginevyo, na wewe mzee ulikuwa askari, unajua. Ninajua! Ndicho kilichoniuma. Nimerudi nyumbani, jeshi lina tairi.

Jumatano, 5 Juni

Shahidi wa kwanza: mpishi wetu wa zamani. Siku hizi anapikia shule ya bweni. Nilimkuta amesimama juu ya kigoda, anakoroga sufuria ambayo mtoto anaweza kuogelea ndani yake. Alifurahi kuniona. Akapiga ukelele, Samaki! Wapishi wenzake wote wakageuka.

Huyu bwana hakumbuki vita, anakumbuka chakula. Nikamuuliza kama anaikumbuka siku ya mafuriko. Akasema ataisahauje, ilikuwa siku ya wali na maharage, na sahani moja ilibaki. Nikamuuliza ya nani. Yako, akasema. Wewe si ulikuwa juu ya lori.

Nikamwambia naam, juu ya lori, nikiongoza uokoaji. Akaacha kukoroga. Akasema, ndugu yangu, uokoaji upi? Luteni alikukataza kuvuka, ukavuka. Maji yakalichukua lori na wewe juu ya paa lake, unaita mama. Boti zilikuwa zimetumwa kwa wanakijiji. Moja ikageuzwa ikufuate wewe.

Nikasema haiwezekani! Mimi nakumbuka kamba mkononi, nakumbuka naivuta kwa nguvu zangu zote, nakumbuka boti inakuja. Akasema kamba kweli uliishika. Ila aliyekurushia ni Tarumbeta. Uliposhindwa kujifunga, alijitosa majini kukufunga mwenyewe. Ndiyo wakampa nishani ya ushujaa. Na ndiyo sisi tukakuita Samaki. Ulivuliwa!

Wapishi walicheka mpaka mmoja akaweka mwiko chini.

Nilitoka nje nikakaa kwenye gunia la mkaa. Miaka yote hii! Watu wote! Na hakuna hata mmoja aliyeona inafaa kunijulisha.

Kisha akili ikarudi. Nimeshika kamba, sijashika? Nimeshika. Kamba ina ncha mbili, na uokoaji haufanyiki kwa ncha moja. Nikarudi jikoni nikamwandikia mpishi maneno machache: kwamba siku ya mafuriko nilikuwepo, na nilishika kamba ya uokoaji. Akasoma, akasema hakuna uongo hapo, akaweka sahihi na alama ya mafuta ya kupikia. Nikaacha nafasi ya sahihi ya pili.

Alhamisi, 6 Juni

Kumwomba Tarumbeta waziwazi? Kamwe. Mwaka jana nilishindana naye uenyekiti wa chama nikapata kura moja. Yangu. Mke wangu, ambaye chama kinamruhusu kupiga kura kama mwenzi, alimpa Tarumbeta. Alisema ana sauti nzuri.

Kwa hiyo mbinu. Tarumbeta haoni karibu bila miwani, na asubuhi miwani huwa imepotea. Nikaikunja karatasi ibaki nafasi ya sahihi tu. Nikamwambia ni ombi la wakazi kwa serikali ya mtaa, mtaro wetu utengenezwe. Kila mvua unamwaga maji dukani kwangu na barazani kwake. Nani atakataa?

Hakukataa. Alifurahi mno! Akanivuta nikae, akamwita mkewe aje asikilize, akasema soma, jirani, soma yote. Nikatoa macho. Soma? Nikakunjua karatasi nikaanza kusoma mtaro ambao haukuwemo. Nikasoma urefu wake, upana wake, mbu wake. Mkewe akasema usisahau harufu. Nikasoma harufu. Tarumbeta akasema weka na ile kona inayoziba. Nikaisoma kona. Jasho linanitiririka mgongoni. Sijawahi kusoma ukurasa mrefu namna ile kwenye karatasi yenye mistari miwili.

Alipiga makofi. Akasema hajawahi kusikia ombi zuri kama hilo tangu ahamie mtaa huu. Kisha, kabla sijampa kalamu, akaichukua karatasi, akaiingiza mfukoni, akasema yeye kama mwenyekiti ataipeleka mwenyewe, hili si la kuachiwa mtu mmoja.

Nilibaki na kalamu mkononi. Karatasi yangu! Kamba yangu! Ipo mfukoni mwa adui, na miwani ikipatikana nimekwisha.

Jioni mama akaja kuonyesha gauni. La bluu, kola nyeupe. Akazunguka nalo sebuleni, akaniuliza nitasimama upande gani akae pa kuniona. Nikasema mbele, mama. Akasema basi atavaa na viatu vipya, vinambana lakini siku ni moja. Mke wangu akanitazama, akatazama dari.

Ijumaa, 7 Juni

Sikupanga chochote. Iandikwe hapa, maana ni mara ya kwanza. Nilikwenda masjala kuomba tu, mikono mitupu.

Nafungua mlango. Tarumbeta ameketi kwenye kiti cha wageni! Miwani usoni! Karatasi yangu mezani, mbele ya karani! Nikashika fremu ya mlango.

Akanikaribisha kama vile ofisi ni yake. Akasema jana jioni alipata miwani ndani ya kiatu, akataka kuusoma tena ule mtaro kwa raha yake, hakuuona. Akasema niliusoma vizuri sana. Karani akakohoa.

Nikangoja Tarumbeta anisomee mashtaka. Hakusoma. Alikuwa ameshaweka sahihi. Karani akakifungua kitabu cha kanuni, akatusomea: nishani ya uokoaji ni haki ya kila askari aliyekuwemo kwenye boti za uokoaji siku ile. Akamuuliza shahidi kama mimi nilikuwemo kwenye boti. Tarumbeta akasema alikuwemo, mama, nilimwingiza mwenyewe. Karani akasoma kanuni tena, kidole kikifuata mstari, akasema haijaandikwa mtu aingie kwa njia gani. Muhuri puu.

Nne!

Kwenye korido nikamuuliza kwa nini. Akasema juzi alikutana na mama yangu kwa fundi cherehani, akamshika mkono, akamweleza habari za shada mwanzo mpaka mwisho. Ningemwambia nini mama mtu mzima, akaniuliza. Kisha akasema mtaro lakini tuutengeneze kweli, Samaki, mke wangu ameshawatangazia majirani.

Nilitaka kusema asante. Nikasema miwani mtu anaiwekaje ndani ya kiatu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeweka shada!

Katibu alitangaza nne kwa nne, aliyetangulia kuandikishwa apite mbele. Nikapita. Mnara ni mrefu kuliko nilivyodhani, na shada zito. Nilipoinama nikasikia sauti moja ikipaa juu ya makofi yote, ikisema huyo ni wangu! Mama. Amesimama juu ya viatu vinavyombana, gauni la bluu, kikundi chote cha akiba nyuma yake. Niliendelea kuinama kidogo zaidi ya inavyotakiwa, nikirekebisha majani.

Baadaye mama akamshika Tarumbeta, akamuuliza mwanangu aliokoa wangapi siku ile. Mshtuko! Tarumbeta akafikiri. Akasema, mama, kama si mwanao, boti yetu ingerudi tupu. Mama akalia kwa furaha. Nikatazama kifua cha Tarumbeta, kwa kuwa machoni sikuweza. Nishani tatu tu. Ya ushujaa ilikuwa imetoka, na mfuko wa koti umevimba.

Akanikonyeza. Nikageuka upande wa maua.

Jumapili, 9 Juni

Sijalala vizuri. Nimemfikiria sana Tarumbeta. Mke wangu amesema ni wakati mzuri wa kwenda kumshukuru, niende hata na kitu kidogo. Ni kweli, ni mtu mwema ajabu. Miaka yote hii jirani, na sikumjua.

Nilikuwa navaa viatu niende, ndipo likanijia. Nikakaa tena kitandani, kiatu kimoja mguuni. Nimeshangaa sikuliona mapema!

Boti ingerudi tupu. Amesema mwenyewe, mbele ya mashahidi. Sasa ile nishani ya ushujaa waliitoa kwa ajili ya kuokoa nani? Mimi. Bila mimi juu ya lori, yeye angejitosa kufuata nini, maharage? Yeye ncha moja ya kamba, mimi nyingine. Kazi ya watu wawili, nishani ikapewa mmoja! Na hata kuivaa haivai.

Hesabu ni nyepesi. Nusu kwa nusu. Mimi nne na nusu, yeye tatu na nusu. Mwakani, shada likiwekwa tena, hakuna haja ya kuangalia nani alitangulia kuandikishwa.

Kesho asubuhi niko masjala na maombi mapya. Shahidi wanataka aliyekuwa kwenye boti. Ninaye. Nakwenda kumwomba sasa hivi. Kwa wema ule, hawezi kukataa.