Mshonaji Chini ya Meza ya Mtihani

Leo nimejiaibisha mbele ya walimu wa chuo kikuu. Tena nikiwa nimepiga magoti.

Mnajua kazi yangu hapa Riyadh: nawashonea mavazi wacheza bale, ile dansi ya kusimama kwenye ncha za vidole. (Kabla ya hapa nilikuwa Jeddah, na kabla ya Jeddah, Mombasa. Marehemu mama alisema mimi labda nishonwe kwenye mkeka ndipo nitulie.)

Kundini kuna binti wa Nairobi, Nyambura. Jukwaani anacheza, na huku anasomea shahada ya ualimu kwa mtandao. Utamkuta mguu mmoja kaunyoosha ukutani, kitabu kimelalia goti. Siku moja nilimuuliza anajitesea nini.

"Anti, magoti yangu yatastaafu kabla yako. Nani atanilisha?"

Leo alikuwa na mtihani wake wa mwisho, wa kujibu kwa mdomo. Walimu wako Nairobi, yeye mbele ya kompyuta kwenye chumba cha kuvalia. Ulipangwa uishe mapema, kabla ya onyesho la alasiri. Wapi! Mtandao wa walimu ukakatika, saa ikasogea, mtihani ukaanza watazamaji wakiwa wanaingia ukumbini.

Sasa, viatu vya bale hufungwa kwa utepe kifundoni, na lile fundo lazima lishonwe, lisije likafunguka mtu yuko hewani. Na sheria ya mtihani inasema mtahiniwa awe peke yake chumbani.

"Ingia chini ya meza, Anti. Ushone. Usikohoe."

"Na wakijua?"

"Wakijua, mtihani unafutwa, mwaka wangu umeenda. Kwa hiyo usikohoe!"

Nikaingia. Kitambaa cha meza kinafika sakafuni, giza kama ndani ya gunia. Mguu wa kulia nikaumaliza vizuri. Nilipoanza wa kushoto, Nyambura akawa anaeleza namna ya kumfundisha mtoto mwoga, kwa sauti tamu, nami nikasafiri. (Ndio ugonjwa wangu.) Nikajikuta Jeddah, kile chumba chetu cha mtaa wa Al-Mahjar, wanawake wa pwani tumejazana, wali wa nazi unatokota, kila mtu anamsimulia mwenzake kwao. Mkono unashona, roho iko Bahari ya Shamu.

Mlango ukagongwa. "Yalla, Nyambura! Yalla!" Msimamizi wa jukwaa huyo, anamharakisha.

"Walimu wangu, nimemaliza kujibu, naomba ruhusa," akasema, akaruka.

Na mimi nikaruka naye! Kumbe nimeushona utepe wake pamoja na mkono wa buibui langu. Nikaburutwa kutoka chini ya meza, kitambaa kimenifunika kichwa kama biharusi, mpaka mbele ya kamera.

Walimu wakasogelea kamera zao.

Mkasi uko juu ya meza, siufikii. "Kata, Anti, kata!" Basi nikafanya afanyavyo kila fundi asiye na mkasi. Nikainama nikakata uzi kwa meno.

Mwalimu mmoja, mwanamke, akauliza taratibu: "Huyo mama anamng'ata mwanafunzi wetu?"

Nikamtazama Nyambura. Machozi yanamlenga, na rangi zote zile za jukwaani usoni. Nikaisogelea kompyuta.

"Mwalimu, mimi ni fundi wa nguo tu. Lawama nipeni mimi. Sikumsaidia neno hata moja."

"Tutajuaje kwamba hukumnong'oneza majibu?"

"Mwalimu, mimi niliishia kidato cha nne. Hayo maswali yenyewe sijayaelewa mpaka sasa."

Yule mama akaziba mdomo. Mabega yakamtikisika. Mwenyekiti wao, mzee wa miwani, akasema, "Nenda ukacheze, binti. Tutakujulisha."

Nikamshonea upya fundo la kushoto mbiombio, kisha onyesho zima nimesimama pembeni ya jukwaa nikisoma kila dua niijuayo. Yeye anacheza kama mtu anayekanyaga maji asilowe. Utepe haukufunguka. (Hiyo ni kazi yangu, muiandike.)

Aliporudi, ujumbe ulikuwa umeshaingia kwenye simu. Akausoma, akakaa sakafuni na viatu vyake, akanipa nisome mwenyewe. Amefaulu! Na chini mwenyekiti kaongeza: "Joho la mahafali ashonewe na mtu mwingine."

Basi mama, nimeshonwa, na bado sikutulia. Ninyi wengine, atakayecheka, zipu yake ikikatika asiniletee.