Pantaleo na Chanuo

Jumatatu, 9 Juni
Jacqueline, mtoto wa dada yangu, mpiga picha, anatafuta wanaume wa Kariakoo wafanyao kazi za kike. Picha zitatundikwa mtaani kwetu Jumapili. Nikamwambia anipige nimebeba gunia la kilo mia kwa mkono mmoja, kama enzi zangu Rombo. Akasema, "Anko, hiyo si ileile ya siku zote?" Nikamfukuza dukani. Mimi? Kazi za kike? Thubutu!

Jumatano, 11 Juni
Nurdin, jirani yangu muuza vitenge, kapigwa picha anakuna nazi. Kina mama wanamsifia mtaa mzima! Nurdin! Hata chai hajui kuchemsha! Nikaazima mbuzi, nikaikalia katikati ya ndoo na masufuria yangu ya kuuza, nikamwita Jacqueline. Nikakuna kidole. Damu! Nazi nzima vilevile. Akasema picha za kuigiza hapigi.

Ijumaa, 13 Juni
Hili naandika hapa tu. Tangu mke wangu Scholastika avunjike mkono, namsuka mimi. Mlango nafunga, pazia nashusha. Alipougua mwaka jana nywele zilipukutika, zikaota chache. Hatoki bila kilemba, hataki shoga yeyote azione. Mimi tu. Nasuka polepole, anasinzia magotini pangu.
Leo nimesahau kufunga mlango. Jacqueline huyo, kamera hiyo! Nikafoka: futa, nitachekwa mpaka Buguruni! Scholastika akaomba aione kwanza. Akaitazama weee. Akasema, "Baba Stella, kumbe bado mzuri hivi." Kisha akamwambia Jacqueline aitundike.
Nikachukua chanuo, nikaendelea kusuka.

Jumapili, 15 Juni
Picha yetu ndiyo kubwa kuliko zote. Nikamwambia Nurdin yule ni pacha wangu wa Rombo. Akauliza, "Na kipara mligawana?" Mara Scholastika huyo, kichwa wazi. Kichwa wazi, Kariakoo! Machoni mwangu mkaingia vumbi. Kina mama wakamzunguka: shoga, nani kakusuka? Akaninyooshea kidole.
Pacha nikamzika palepale. Nikasema ni mimi, mabibi harusi wote wa Magomeni walipita mikononi mwangu! Benedikta muuza viatu akanidaka: binti yake anaolewa Jumamosi, nimsuke yeye na wapambe sita. Nikasema walete!
Najua mtindo mmoja tu, mistari ya kurudi nyuma, nayo inapinda. Scholastika kacheka mpaka kaushika mkono wake mbovu. Akasema nikae, anielekeze mtindo mwingine. Nikamwambia fundi haelekezwi.